Tai ya Baba Iliyopigwa Pasi

Mlandege, Iringa
18 Juni 1956

Mama yangu mpendwa,

Mwagonile, Mama. Nakusalimu kwa moyo wote nikiwa mzima, isipokuwa mafua kidogo ambayo mwezi huu kila mtu hapa anayo, hata asiyepiga chafya anashukiwa kuwa ni mgeni. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyoileta dada Tupokigwe unaitumia, au umekwisha kuigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na ng'ombe yule mwekundu amezaa? Nijibu yote hayo, maana Baba nilipomwuliza alisema nyumbani hawajambo, akaona amemaliza.

Najua hukuifungua barua hii ili usikie habari za mafua. Unataka kujua kama Baba alifika salama, kama alikula, na kama mwanao amepata mke au amekosa. Alifika. Alikula, tena ugali aliuongeza. Hilo la tatu ni refu, kwa hiyo kaa vizuri, unyooshe mguu. Na kama unasoma kwa sauti hapo barazani, na akina mama wa Iyunga wamekuzunguka wakijidai wanachambua maharage, endelea tu, nitakuambia mahali pa kunyamaza.

Baba alishuka kwenye basi siku ya Ijumaa alasiri. Abiria wote walishuka wekundu kwa vumbi, kuanzia nywele mpaka viatu, hata mama na mtoto wake mgongoni walikuwa rangi moja. Baba naye alikuwa mwekundu usoni, lakini shingoni alikuwa amejizungushia taulo, na alipoliondoa, tai yake ya buluu yenye vitone vyeupe ilikuwa safi kabisa, fundo limesimama mahali pake, kana kwamba ametoka chumbani sasa hivi. Watu wa stendi walimtazama. Yeye alijua wanamtazama, akaikohoa safari yote polepole ili wapate nafasi ya kutosha.

Hakunisalimu kwanza. Alinitazama shingoni. Unajua, Mama, mimi huvaa ile tai ya mpira niliyoinunua dukani mwaka nilipoanza kazi ya ukarani ghalani, ambayo fundo lake limeshonwa tayari na mtu huivaa kwa kuipitisha kichwani. Baba aliishika, akaivuta mpaka mpira ukaisha urefu, akaiachia. Ilinipiga kooni nikakohoa kuliko yeye. Akasema mtu aliyevaa kitu kama hicho ni sawa na mtu anayetafuna kwa meno ya kuazima. Kisha akanisalimu vizuri na kuuliza habari za kazi.

Nisikufundishe habari za Baba na tai, wewe umeishi nazo kuliko sisi. Lakini nataka ukumbuke yule kijana wa Uyole aliyekuja kumposa Tupokigwe akiwa na shati safi na shingo wazi, na Baba akamrudisha kutoka mlangoni, akisema kwamba mtu anayekuja kuomba binti bila tai atakuja kumzika bila sanda. Ukumbuke pia alivyokuwa akitoka chumbani kila Jumapili, tai imenyooka, akatuambia mimi na kaka Fanueli kwamba mwanamume asiyeweza kujifunga tai yake mwenyewe asikabidhiwe nyumba. Tulipomwomba atufundishe alisema tungoje tuote ndevu. Fanueli aliota ndevu, akaenda nazo Kopabelti kwenye migodi ya shaba, na mpaka leo hajafundishwa.

Basi njiani kutoka stendi Baba aliniambia wazi kwamba hajaja kukubali chochote, amekuja kutazama. Alisema haelewi kwa nini wasichana wote wa Iyunga na Uyole, waliolelewa mbele ya macho yake, nimewaona wana kasoro, nikaja kuchukua Mhehe wa mjini ambaye hajui hata ndizi zetu zinapikwaje. Alisema kesho atamtazama Mzee Joachim, baba yake Esta, shingoni, na hapo atajua ni ukoo wa namna gani, na kama hakuridhika tutapanda basi la Jumatatu wote wawili, nikatafutiwe mke nyumbani. Sikulala vizuri, Mama. Nampenda binti huyu. Nakuandikia hivyo bila aibu kwa sababu wewe ni mama yangu, na kama kuna anayecheka hapo barazani, acheke.

Kwa upande wa Esta sikuwa na wasiwasi, nilikuwa nimemwandaa. Tangu tulipoanza maneno ya uchumba nilimweleza mila yetu ya Kinyakyusa, kwamba mkwe hakutani na baba mkwe, hamtazami, hasemi naye, akimwona kwa mbali anajifunika na kupita nyuma ya nyumba, na jina lake halitamki. Kwao hakuna jambo hilo. Kwao mkwe anamwamkia baba mkwe, wanacheka na kuulizana habari za mahindi. Nilidhani atakataa, kumbe aliikamata mila yetu kuliko sisi wenyewe. Mwezi uliopita alipewa kusoma habari za Mtume Paulo kabla hajaokoka, mbele ya darasa zima la Jumapili, na kwa kuwa jina la zamani la mtume huyo ni jina la Baba, yeye kila alipolifikia alisema "baba mkwe". Watoto walirudi nyumbani wakisimulia jinsi baba mkwe alivyowatesa Wakristo mpaka akaanguka njiani. Mwalimu wa darasa alikuja kuniuliza.

Sasa tufike Jumamosi. Mkutano wa wazee ulikuwa mchana, nyumbani kwa Mzee Joachim, nyumba ya nne kutoka kwangu. Asubuhi Baba alikwenda kuoga, na nguo zake aliziacha zimetundikwa msumarini, suti, shati, na ile tai, ambayo usiku wa Ijumaa aliivua kwa kuilegeza na kuipitisha kichwani, fundo likabaki lilivyo. Mama Verediana mwenye nyumba wangu ni mjane mwenye heshima sana. Aliona haifai mgeni wa mpangaji wake Asukile aende kwenye posa na nguo zilizosafiri kutoka Mbeya. Akatia mkaa kwenye pasi, akazinyosha zote. Na alipokuta tai ina fundo, akadhani mzee alichoka na safari akashindwa kulifungua. Akalifungua, akainyosha mpaka ikalala bapa kitandani kama utepe wa dukani, akaikunja mara mbili kwa adabu.

Baba aliporudi kutoka bafuni alisimama mlangoni akaitazama ile tai. Mimi nilikuwa nafunga viatu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikadhani amefurahi. Aliniambia nitoke anataka kuvaa, akafunga mlango, akaweka komeo.

Nilingoja uani. Alikaa humo muda mrefu sana. Alipofungua mara ya kwanza, tai ilikuwa imefungwa kama anavyofungwa mbuzi wa mnada, na akaniuliza kama huko Iringa hakuna kioo kisichopindisha vitu. Akafunga mlango. Alipofungua tena, ncha ya nyuma ilikuwa imefika karibu na goti na ya mbele ilikuwa fupi kama ulimi. Akasema baridi ya hapa imemkakamaza vidole. Nikaenda kumletea maji ya moto, akatia vidole, akajaribu tena, na safari hiyo alijifunga mpaka macho yakatoka, ikabidi nisaidie kulegeza. Akasema tai ikipigwa pasi na mtu asiyejua, kitambaa kinasahau. Mimi niliamini kila neno, Mama. Baba aliyejifunga tai miaka yote ile, ningewaza nini kingine?

Nilimpa tai yangu ya mpira. Nilijua nakosea hata kabla sijaifikisha mkononi mwake. Akakaa kitandani ndani ya suti yake iliyonyooka, kola wazi, akasema kwa sauti ndogo kwamba nipeleke habari kwa Mzee Joachim kuwa mgeni ameugua. Alisema yeye aliyemfukuza kijana wa Uyole mlangoni hawezi kwenda kusimama kwenye mlango wa mtu mwingine na shingo tupu, kwamba Mungu angeona na angecheka. Tutapanda basi la Jumatatu. Sikuwahi kumwona Baba akiwa mdogo namna ile. Nilimwonea huruma, na nafsi yangu nayo niliionea huruma, maana posa ikiahirishwa kwa visingizio vya ugonjwa huku Iringa wanajua maana yake, na Mzee Joachim asingetufungulia mlango mara ya pili.

Nikatoka mbio kutafuta mtu yeyote wa kumfunga. Mwalimu jirani yangu alikuwa amekwenda mpirani. Karani mwenzangu alikuwa amelewa tangu Ijumaa na vidole vyake vilikuwa vibaya kuliko vya Baba. Msaidizi wa mchungaji nilimkuta, ila yeye huvaa ule ukosi mweupe wa kichungaji, akaniambia kwa upole kwamba aliuchagua wito huo kwa sababu nyingi na hiyo ilikuwa mojawapo. Nikarudi mikono mitupu, nikapita uchochoroni nyuma ya nyumba ili nisionane na watu.

Na hapo uchochoroni, kati ya ukuta wa jiko na ua wa mabua, nikamkuta Baba amesimama wima, kidevu juu, amefumba macho kwa nguvu mpaka uso umekunjamana. Mbele yake amesimama Esta, kanga kichwani, naye amefumba macho vilevile, na mikono yake inamfunga Baba tai. Kama mtu angepita angedhani wanaombeana. Mila yote niliyomfundisha ilikuwa imevunjika mbele yangu, isipokuwa macho, macho tu ndiyo yalikuwa yanaishika.

Esta amenisimulia ilivyokuwa. Mama Verediana, baada ya kuona kazi yake ya pasi imegeuka msiba, alikimbia kwa Mzee Joachim kumwita yeye, kwa kuwa mtaa mzima unajua kwamba Mzee Joachim mkono wake wa kulia haufanyi kazi, uliumia zamani kwenye msumeno wa mbao, na tangu Esta ni mtoto yeye ndiye humfunga baba yake tai kila Jumapili. Mama Verediana hajui mila zetu. Alisema tu njoo haraka kwa Asukile kuna tai. Esta akadhani ni mimi, nimeitupa ile ya mpira, akaja akicheka. Akapitia nyuma kama nilivyomfundisha, ili asikutane na Baba. Na Baba, kwa aibu ya kukaa chumbani, naye alikuwa ametoka kwenda nyuma, ili asikutane na watu. Hivyo ndivyo walivyokutana.

Esta alijifunika, akageuka kukimbia. Baba akaiona ile namna ya kujifunika, akajua ni nani, maana binti wa Kihehe hawezi kumkimbia mzee asiyemjua isipokuwa amefundishwa na Mnyakyusa. Akakumbuka pia maneno ya Mama Verediana dirishani kwamba anakwenda kumleta mfungaji. Esta anasema alimsikia mzee akisema kwa sauti ya kanisani kwamba yeye amekwisha fumba macho, na kama binti naye atafumba yake, basi hakuna aliyemwona mwenzake. Esta akafumba. Akarudi kinyumenyume, akageuka, akapapasa mpaka akaipata kola. Kufunga tai ya mtu aliye mbele yake anaweza hata gizani, amefanya hivyo maisha yake yote. Alipomaliza akaondoka bado amefumba, akajigonga kwenye ua, akanipita mimi bila kujua kwamba nipo. Baba alihesabu kwanza ndipo akafumbua. Hakuniona, nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji.

Tukaenda kwenye posa. Mzee Joachim alitupokea kwa kamwene nyingi, ndiyo salamu yao, akatukalisha. Baba akakaa, akainua macho kumtazama mwenzake shingoni kama alivyoahidi, na Mzee Joachim naye akamtazama Baba shingoni. Wakatazamana. Mama, mafundo yalikuwa mamoja. Yote mawili yameegemea kushoto kidogo, yote mawili yana kibonyo kidogo chini yake, kwa kuwa ni mkono mmoja uliofunga. Wazee wengine hawakuelewa kwa nini wenye shughuli wanatazamana shingoni. Mzee Joachim aliutambua mkono wa binti yake mara moja, tangu lini asiutambue. Nikaona uso wake unabadilika. Kwao si kosa, lakini alikuwa ameambiwa nami kwamba kwetu ni kosa kubwa, na alitaka kujua bintiye amefanya nini na mgeni huyu anamficha nini. Akasema kwa adabu kwamba tai ya mzee mwenzake imekaa vizuri sana, je, ni nani aliyemfunga?

Nilijua jibu la Baba. Nimelisikia tangu utoto, kwamba amejifunga mwenyewe. Akilisema hilo mbele ya mtu anayejua ukweli, ametutia wote kwenye uwongo na posa imekufa. Akisema ukweli mtupu, ametangaza mbele ya wazee kwamba mkwe amemgusa shingoni kabla hata hajatolewa mahari. Baba alishika tai yake, akaitazama. Kisha akasema, "Nimefungwa na mwanangu."

Watu wote wakanigeukia mimi, na tai yangu ya mpira. Mzee Joachim hakunigeukia. Alimtazama Baba, macho yakamlengalenga machozi, akasema kwamba hata yeye hufungwa na mwanawe, na tangu maneno haya ya posa yaanze, amekuwa akijiuliza Jumapili atafanyaje. Baba akajibu, bila kuniuliza, kwamba Asukile kazi yake iko hapa Iringa na haendi popote, na kwamba kila Jumapili mkwe wake atapitia kwanza kwa baba yake, na kama Asukile atachelewa ibada kwa sababu hiyo, achelewe. Alisema mkwe wake, Mama! Nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia sahani inaanguka. Basi mwanao amepata mke.

Sasa hapa ndipo nilipokuambia unyamaze. Acha kusoma kwa sauti. Waambie akina mama habari zimekwisha, uingie ndani.

Kule uchochoroni nilisikia jambo moja ambalo sijamwambia Baba, wala Esta hajui maana yake. Wakati Esta anaivuta tai kuikaza, Baba, macho amefumba, alinung'unika polepole, kwa sauti ambayo sisi watoto hatujawahi kuisikia, akasema, "Taratibu, mama Fanueli, utaninyonga kabla ya ibada."

Esta aliniuliza jioni mama Fanueli ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Ndipo nikaelewa mlango ule wa chumbani kila Jumapili, na kwa nini tai ilisafiri ikiwa imefungwa, na kwa nini aliivua kwa kuipitisha kichwani. Ni wewe, Mama. Miaka yote hii ni wewe, na ukatoka chumbani nyuma yake ukakaa kimya, ukamsikiliza akitufundisha habari za mwanamume asiyeweza kujifunga mwenyewe. Nimecheka mpaka Mama Verediana akaja kuniuliza. Kisha sijui imekuwaje, nikalia kidogo.

Harusi ni mwezi wa nane. Wewe uliandika kwamba hutakuja kwa sababu ya mguu, basi lina ngazi ndefu na viti vimebanana. Jana Baba amemwendea Ezekia, dereva wa lori la viazi, huyu huyu anayekuletea barua hii, na amepatana naye kwamba utakaa mbele kwa dereva, kiti chote ni chako, unyooshe mguu njia nzima. Nikamwuliza yeye atasafiri vipi. Akasema juu, kwenye magunia. Nikamkumbusha vumbi la njia hiyo. Akasema analijua. Nikamwuliza, na suti je? Akasema suti hufuliwa, na kwamba harusi haifungwi kama mama Fanueli hayupo.

Njoo, Mama.

Wasalimie dada Tupokigwe na wote wa nyumbani, na wale wa barazani waambie Baba hajambo, anarudi Alhamisi. Esta anakusalimu sana na anauliza ndizi zetu zinapikwaje.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Asukile